Macho, karatasi, mwenzake au simu: utumie kipi watu wafuate utaratibu kituoni?

Mwezi huu nimeulizwa swali moja na watu watatu, wawili ni wafawidhi, yaani wakuu wa kituo, wa zahanati huku huku Kigoma na mmoja ni sista wa wodi, na ukiondoa maneno ya pembeni wote wanauliza kitu kile kile: nifanyeje staff wanawe mikono kweli na mgonjwa ameze dawa kweli. Siyo kwenye ripoti. Kweli.

Mi ni muuguzi, nimezunguka vituo vya huku ziwani, nimekaguliwa sana na nimekagua pia, nimemezesha watu dawa za TB mpaka nikajua na majina ya wajukuu zao. Nikiangalia naona njia tunazotumia ziko nne tu, na ni zile zile kwa staff na zile zile kwa mgonjwa. Unamwangalia kwa macho, au unampa karatasi ya kutiki, au unamweka mwenzake amsimamie, au unamkumbusha kwa simu. Kila mradi ukija zinabadilishwa jina tu afu tunapewa semina na fulana.

Cha kuchekesha ni kwamba sisi tunaomwambia mgonjwa "meza nikuone" ndo wa kwanza kununa tukionwa tunavyonawa. Mi mwenyewe nimenuna. Ukitaka kuchagua njia kwa ajili ya mgonjwa, jiulize kwanza wewe ungeivumilia miezi sita.

Utapima kwa vitu gani

Swali la kwanza na mi naliona kubwa kuliko mengine yote: nani yupo pale jambo lenyewe linapofanyika? Leba saa tisa usiku kuna muuguzi mmoja, mama anayesukuma, na ndoo ya koki. Mfawidhi amelala kwake, mratibu yuko wilayani, mtu wa halmashauri atakuja robo ijayo. Mgonjwa wa TB naye anameza alfajiri yuko kwake au yuko kambini na wavuvi. Njia inayomtegemea mtu ambaye saa hiyo hayupo itakuletea takwimu nzuri na basi.

La pili, inakula muda wa nani na hela ya nani, maana nyingine zinaonekana za bure kwa sababu anayelipa nauli ni mgonjwa. La tatu, inaleta ukweli au inaleta maigizo. La nne, aliyeianzisha akihamishwa inabaki? Mnazijua zile S tano za kupanga mahali pa kazi zilizobandikwa ukutani vituoni, Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Wote tunaenda vizuri mpaka Safisha. Shikilia ndo huwa inatushinda.

Na kabla ya yote hayo hakikisha vitu vipo. Kuna kituo nilifanya kazi, sikitaji, sabuni ya maji ilikuwa inachanganywa na maji mpaka haitoi povu, sanitaiza imefungiwa stoo na mwenye funguo kaenda kikao Kasulu, halafu kwenye ripoti ya asubuhi tunasemwa hatunawi. Siku tuliyosikia wageni wanakuja sabuni nzima ilitokea na taulo nyeupe juu yake. Wageni walipoondoka na taulo ikaondoka. Hapo hakuna njia hata moja kati ya hizi nne itakayokusaidia, nunua sabuni kwanza, tundika hata kibuyu chirizi, kile kidumu cha maji ya kunawia, nje ya choo, ndo turudi kuongea.

Kuangalia kwa macho

Kwa staff hii ndo ile mtu anasimama na fomu anahesabu. Shirika la Afya Duniani tangu 2009 lina zile nyakati tano za kunawa: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayotaka usafi wa hali ya juu kama kuweka kanula (kimpira cha kupitishia dawa mshipani), baada ya kugusa damu au majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vyake. Sanitaiza ni sekunde 20 mpaka 30, maji na sabuni ni sekunde 40 mpaka 60, na kuangalia kwa macho ndo kipimo ambacho wao wanakiheshimu kuliko vingine. Faida yake ni kwamba unaona wapi hasa watu wanakosea. Ukikaa kona ya wodi nusu saa utagundua "baada" tunanawa vizuri sana, hasa tukigusa damu, ila "kabla" tunaruka. Baada tunajikinga sisi. Kabla tunamkinga mgonjwa. Hilo hakuna ripoti ya karatasi itakuonyesha.

Ubaya wake kila mtu anaujua, mtu akijua anaangaliwa ananawa. Ukikaa na fomu yako unapata asilimia za kupendeza, ukitoka hata kwenda chooni tu zinashuka. Kuna namna ya kuzunguka: acha kuhesabu mikono, hesabu chupa. Sanitaiza ngapi zimeisha mwezi huu kwa wagonjwa wangapi waliolazwa, chupa haiigizi. Haikwambii nani hanawi wala saa ngapi, lakini inakwambia kama wodi yako inanawa.

Kwa mgonjwa, kuangalia kwa macho ni kumezea kituoni. Dawa za TB ya kawaida ni miezi sita, miwili ya mwanzo dawa nne pamoja, minne ya mwisho dawa mbili. Nchi yetu ina historia na hili jambo, programu ya taifa ya kifua kikuu na ukoma ilianza 1977 na daktari wa TB Karel Styblo alifanya kazi yake hapa, mfumo wa kumsimamia mgonjwa ambao dunia nzima ikaja kuuchukua miaka ya tisini ulikuwa umejaribiwa kwetu. Kwa hiyo siyo njia ya kudharau. Anayekaa Mwanga au Ujiji hapa Kigoma mjini, karibu na kituo, asiye na mtu nyumbani, au anayekunywa pombe na anajijua mwenyewe kwamba atasahau, huyo kumezea kituoni kunamfaa na wengine wanaomba wenyewe, wanakuja asubuhi wanapiga stori na sista, wanameza, wanaenda zao.

Ila mpeleke mtu wa Buhingu au Kalya kila siku kituoni uone. Kule ni boti siyo bodaboda. Na hata walio karibu, utafiti wa Kilombero uliotoka 2003 ulilinganisha waliomezea kituoni na waliosimamiwa kwenye jamii, haukukuta tofauti ya maana kwenye kupona. Kwa hiyo ukimlazimisha mtu aje kila siku, jua unachonunua kwa nauli yake.

Karatasi ya kutiki

Hapa nina mengi kwa sababu hapa ndo tunadanganyana zaidi.

Cheklisti ikifanya kazi inafanya kweli kweli. Ile ya upasuaji ya Shirika la Afya Duniani ilitoka 2008, ina vipengele 19, inasomwa kwa sauti mara tatu: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kukata, kabla mgonjwa hajatoka tieta, chumba cha upasuaji. Walioijaribu ni hospitali nane za miji nane ya dunia na mmoja wapo ni Ifakara yetu hapa Tanzania, siyo London na Toronto peke yake, na matokeo yalipotoka 2009 vifo vilikuwa vimetoka asilimia 1.5 mpaka 0.8 na matatizo makubwa baada ya upasuaji yametoka 11 mpaka 7. Karatasi moja tu hiyo.

Sasa sikia upande wa pili. Jimbo la Ontario kule Kanada waliagiza hospitali zote zitumie cheklisti hiyo hiyo, hospitali 101 zilifuatiliwa, na majibu ya 2014 ni kwamba vifo havikupungua kwa kiasi cha kusema ni cheklisti. Karatasi ni ile ile. Watu wamebishana kwa nini, mi nina mawazo yangu: kusoma kwa sauti mbele ya timu na kutiki kimya kimya ni vitu viwili tofauti. Ukisoma kwa sauti "antibayotiki imeshatolewa?" mtu wa usingizi lazima ajibu, mko watano mnasikilizana. Ukitiki peke yako kwenye kaunta baada ya mgonjwa kutoka, hiyo ni kazi ya mwandiko.

Na mimi siyo malaika. Patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu wa mama, iliyojazwa saa kumi na mbili asubuhi utaijua tu, vidoti vimekaa kama vimepigwa na rula, kalamu moja kuanzia juu mpaka chini, mapigo ya mtoto 140, 140, 140, 140, hakuna mtoto duniani mwenye moyo wa hivyo. Mama kajifungua saa kumi. Nimeijaza hivyo, na aliyenipokea zamu anaijua na mfawidhi anaijua, tulikuwa na kina mama watatu usiku ule na mimi nilikuwa mmoja, lakini fomu ilikuwa haina sehemu ya kuandika hilo, ina sehemu ya vidoti tu. Kwa hiyo ukiona karatasi zimejaa vizuri mno usifurahi haraka.

Kwa mgonjwa karatasi ni kadi na pakiti. Dawa zilizopangwa kwenye pakiti mtu anaona mwenyewe jana hakumeza, tundu limejaa, haihitaji kusoma wala kuandika. Kadi ya kutiki nyumbani ni nzuri kwa mzee wa presha mwenye vidonge vya asubuhi na jioni na mjukuu wa darasa la tano wa kumsaidia. Kwa TB kadi pekee haitoshi, watu wanatiki siku ya kuja kliniki wakiwa foleni, nimewaona, wanaazimana kalamu. Walau rifampisini, moja ya dawa za TB, ina chake, inageuza mkojo rangi ya chungwa, ukimuuliza mtu taratibu bila kumkaba anakwambia.

Karatasi inafaa kazi yenye mwanzo na mwisho, yenye hatua, mkiwa zaidi ya mmoja. Tieta, kupokezana zamu, kuongeza damu. Haifai kitu kinachofanyika mara mia kwa siku kama kunawa, utachapisha fomu mpaka wino uishe.

Mwenzake

Kwa staff maana yake unamchukua mmoja wao, siyo bosi, anakuwa mtu wa kuuliza "sista umenawa?" bila kuonekana anatafuta cheo. Gharama ni ndogo na usiku yupo, hapo ndo inazishinda zote, kwa sababu mhudumu wa zamu ya usiku yupo usiku. Shida ni kumchagua. Ukimchagua yule anayependwa na mfawidhi imekufa siku hiyo hiyo, wenzake watamwita polisi. Mchague yule ambaye watu wakiwa na shida ya nyumbani wanaenda kumwambia. Mara nyingi ni mhudumu wa afya aliyekaa miaka ishirini, anajua kila kitu na hakuna semina imewahi kumwita. Na iwe ruhusa kwake kumuuliza hata dokta, la sivyo itaishia kwa wafanya usafi.

Kwa mgonjwa ni msimamizi wa dawa nyumbani, na kwetu mgonjwa wa TB anaruhusiwa kuchagua njia hii. Wengi wanamtaja mke. Au mama. Tunaandika jina tunaendelea. Hapo ndo niliwahi kukosea na sijasahau.

Nilikuwa na baba mmoja mvuvi wa dagaa, msimamizi wake mkewe, mama mmoja makini sana yuko Kibirizi anakaanga samaki. Mwezi wa kwanza safi. Mwezi wa pili akaja amechelewa siku tisa, nikamsema, akaniangalia tu akasema "samahani dokta". Mke ndo kaja kunivuta pembeni: "Sista, mi nitamsimamiaje mtu ambaye haji nyumbani mpaka mwezi utoke?" Dagaa wanavuliwa kwa taa, giza ndo kazi, mbalamwezi ikiwa kubwa taa hazisaidii kitu wanarudi nyumbani kushona nyavu. Mimi nilimpangia tarehe kwa kalenda ya ukutani, mwenzangu anaishi kwa mwezi wa angani. Msimamizi nilimwandika mtu wa kweli kabisa, tatizo yuko nchi kavu.

Tulichofanya, tarehe zake zote nikazihamishia siku za mbalamwezi, na msimamizi akawa ni mwenzake wa mtumbwi, kijana mmoja wanayelala kambi moja. Nilimuuliza mgonjwa mwenyewe kwanza kama yuko tayari huyo kijana ajue ugonjwa wake, akacheka, akasema dokta tunakula sahani moja ataacha kujua nikikohoa? Dawa alizibeba kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko, ndani kaweka na mfuko ili maji yasiingie. Alimaliza miezi yake.

Wenzetu wa Tabora wana hadithi hiyo hiyo kwa warina asali wanaopiga kambi porini wiki na wiki. Kwa hiyo swali la kumuuliza mgonjwa siyo "nani ndugu yako", ni "asubuhi ukiamka nani anakuona".

Pale njia hii isipofaa ni kwa mtu anayeficha ugonjwa wake. Binti wa ARV anayeishi kwa shemeji na hajamwambia mtu, ukimlazimisha alete msimamizi umemfukuza kliniki.

Simu

Staff: grupu la wasapu la kituo. Nzuri kwa kutangaza sanitaiza imefika, zamu imebadilika. Kwa kusimamia utaratibu inageuka haraka kuwa sehemu ya kuaibishana, mtu anapiga picha kisanduku cha sindano kilichofurika anatupia, hakuna anayejibu, kila mtu anatuma emoji ya mikono. Na picha ya mgonjwa isiingie humo kabisa, hata mguu tu, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022 na hata isingekuwepo, ungependa wewe?

Kwa wagonjwa hapa kuna kitu kizuri kutoka Kenya. Watu wa ARV kwenye kliniki tatu walikuwa wanatumiwa meseji moja kwa wiki, "Mambo?" Basi. Wanajibu "Sawa" au "Shida", anayesema shida au asiyejibu ndani ya siku mbili anapigiwa na muuguzi. Matokeo yalitoka 2010, waliotumiwa meseji waliokuwa wanameza vizuri ni asilimia 62, ambao hawakutumiwa ni 50. Angalia meseji yenyewe ilivyo na akili, haitaji dawa, haitaji ugonjwa, shemeji akiisoma ni salamu. Na utafiti mwingine huko huko Kenya uliotoka 2011 ulikuta ya kila wiki inasaidia ila ya kila siku haikusaidia. Mi siishangai, kitu kikilia kila siku sikio linakizoea kama jogoo wa jirani.

Ila simu inataka chaji, mtandao, na namba isiyobadilika, kwetu mtu ana laini tatu na simu ni ya familia. Na inataka mtu wa kupiga pale jibu likiwa "Shida". Wengi tunanunua upande wa kutuma tunasahau upande wa kupokea. Vocha nayo, kama inatoka mfukoni mwa muuguzi itadumu mwezi mmoja.

Sasa wewe uko wapi?

Zahanati ya wahudumu wawili: achana na fomu za kuangaliana, mtaandika uongo kwa upendo. Chukueni hesabu ya chupa na mkubaliane kuulizana.

Una tieta: cheklisti, kwa sauti, na anayeisoma asiwe daktari mpasuaji. Kama mnatiki bila kusoma, bora muanze upya na kipengele kimoja kuliko 19 za uongo.

Wodi kubwa yenye zamu tatu: macho mara moja kwa robo mwaka kujua mnakosea wapi, mwenzake kwa siku zote nyingine. Anayeangalia asitoe majina, atoe nyakati. "Kabla ya kanula hatunawi" inatosha.

Mgonjwa wa TB anayekaa dakika kumi kutoka kituoni na hana mtu, amezee kituoni. Akiwa na mtu, nyumbani. Akiwa mvuvi, mrina asali, dereva wa lori, mtafute mwenzake wa kazini na upange tarehe kwa kalenda yake. Anayeficha hali yake, meseji ya salamu na dawa za miezi mingi kwa mkupuo kama kliniki inaruhusu na hali yake imetulia. Mzee wa presha, pakiti na mjukuu.

Aliyeacha dawa akarudi, hapo usichague njia yoyote mpaka umkalishe umuulize ilikuwaje, na ufunge mdomo anapojibu. Kuna wanaoacha kwa sababu wamepata nafuu mwezi wa pili wakaona wamepona, huyo anataka maelezo. Kuna anayeacha kwa sababu zinamchafua tumbo na hana cha kula, huyo ukimpelekea meseji mia unamsumbua tu.

Na kama unaanza kesho na huna hata mia: nenda stoo, hesabu chupa tupu za sanitaiza za mwezi uliopita, andika hiyo namba kwenye karatasi kubwa ubandike chumba cha chai, chini yake acha nafasi ya mwezi huu. Usihutubie. Kaa ule andazi lako usikilize wanavyobishana.